Nyimbo za wazee zaoza kimya kimya ndani ya kompyuta

Msomaji ataniwia radhi nikianza na habari za msiba wa nyumbani kwetu. Mnamo Agosti 2019 tulimzika marehemu baba yangu huko Mathira, pembeni mwa shamba lake la kahawa. Ulikuwa mwezi ule ule ambao mwanamuziki John De'Mathew aliaga dunia katika ajali ya barabarani karibu na Thika, na kuanzia Murang'a hadi Nanyuki hapakuwa na matatu wala duka la kinyozi lililokosa kuzipiga nyimbo zake. Lakini baba alikuwa mtu wa kizazi kingine. Yeye alimpenda Joseph Kamaru, na familia ilikuwa imeamua kwamba kabla ya ibada kuanza, waombolezaji wasikilizishwe wimbo mmoja wa Kamaru ambao mzee alizoea kuupiga kila Jumapili jioni kwa zaidi ya miaka arubaini.

Mpwa wangu alibonyeza kidude cha kompyuta. Gitaa lilianza, sauti ikafuata, na wazee wawili watatu wakaanza kutikisa vichwa kwa kumbukumbu. Haikupita dakika moja na nusu, kukatoka mkwaruzo kama wa bati linalokokotwa juu ya mwamba, kisha kimya. Watu walidhani stima imepotea. Haikuwa imepotea. Saa ndogo ya kuhesabia dakika iliendelea kukimbia kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba wimbo ungali unaimbwa, ila hapakuwa na sauti yoyote. Tulisimama hivyo, jeneza mbele yetu, hadi mama mmoja wa kanisa alipoanzisha wimbo wa dini na kutuondolea aibu.

Usiku wa siku hiyo nilizitoa nakala zangu za akiba. Nilikuwa nazo tatu, na nilikuwa nikijivunia kuwa nazo: moja katika kompyuta, moja katika diski ngumu ya nje, na nyingine katika flashi niliyoiweka kabatini mjini Nyeri. Zote tatu zilikatika mahali pale pale, katika sekunde ile ile.

Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo nataka tulitafakari sote, maadamu sasa nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu na Nanyuki zimezikabidhi nyimbo za wazee wao kwa kompyuta. Kunakili ni kazi moja, na kuhifadhi ni kazi nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nimenakili kwa bidii, mwaka baada ya mwaka, faili iliyokuwa imekufa.

Nieleze zilivyofika humo. Baba alianza na santuri, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Kanda zilipochukua nafasi ya santuri katika miaka ya themanini, akanunua kanda. Zilijaa sanduku mbili za mbao. Mwaka 2007 nilizipeleka kwa kijana mmoja aliyekuwa na duka la kompyuta mjini Nyeri, naye akazigeuza zote kuwa faili kwa malipo ya shilingi chache kwa kila kanda. Niliporudishiwa sanduku nilijiona mtu wa maendeleo. Zile kanda nikawagawia vijana wa kanisani, nao wakanasia mahubiri juu yake. Simlaumu kijana wa duka, wala siwalaumu vijana wa kanisa. Aliyetupa mbegu kabla ya kuhakikisha kwamba ghala halivuji ni mimi mwenyewe.

Sasa tuangalie uharibifu huu ni wa namna gani, kwa sababu haufanani na ule tuliouzoea. Karatasi huzeeka mbele ya macho ya mwenyewe. Pale Karatina aliishi Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyefariki mwaka 2001, ambaye aliandika shajara akiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari na kuichapisha mwaka 1983 kwa jina la Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ. Mwaka uliofuata ikatunukiwa Tuzo ya Noma. Karatasi ya aina hiyo ikiingia maji, mwenye nayo huona doa. Ikiliwa na mchwa, huona tundu, na yaliyosalia pembezoni mwa tundu bado husomeka. Kanda nayo ikichakaa huanza kwa kufifia, sauti huwa nzito, utepe hunasa na ukanyooshwa kwa kalamu ya risasi. Vitu hivi hulalamika kabla ya kufa. Faili hailalamiki. Jina lake husimama pale pale katika orodha, ukubwa wake husomeka vile vile, na picha ndogo ya mwimbaji hung'aa kama jana. Mwenyewe haoni lolote mpaka siku ya kuihitaji.

Sababu zake katika miji yetu si za ajabu. Iliyo kubwa, kwa maoni yangu, ni stima kupotea wakati kompyuta inapoandika. Kompyuta hutenga kwanza nafasi ya faili nzima na kuandika jina lake, kisha ndiyo huijaza. Umeme ukikatika katikati, huenda ikabaki faili yenye ukubwa kamili lakini nusu yake ni sufuri tupu. Hiyo, nadhani, ndiyo iliyoua wimbo wa baba. Sababu ya pili ni ile haraka yetu ya kuchomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza kuandika, mazoea ambayo utayaona katika kila saiba na kila kituo cha matatu. Tatu ni flashi bandia. Huandikwa nje kwamba ina uwezo mkubwa, kumbe ndani uwezo wake ni sehemu ndogo ya huo; ikishajaa huendelea kupokea majina ya nyimbo huku ikiandika juu ya zile za kwanza au ikizitupa kabisa. Mnunuzi huhesabu nyimbo mia tano katika orodha, akaenda zake akifurahi. Mbali na hizo, diski hukongoroka, virusi huingia, na CD zilizochomwa madukani hupoteza ile rangi ya ndani inayobeba data, hasa zikiachwa juani kwenye dashibodi.

Kuna jambo moja kuhusu CD ambalo hunifikirisha. Walioibuni walijua kwamba itakwaruzwa, wakaingiza humo hesabu za kusahihisha makosa zilizogunduliwa mwaka 1960 na Wamarekani wawili, Reed na Solomon. Kosa likiwa dogo, mashine hulisahihisha barabara. Likizidi kiasi, mashine ya muziki hukisia sauti iliyokosekana na kujaza pengo kwa kukisia huko. Sikio hufurahi, lakini msikilizaji haambiwi kwamba alichosikia kilibuniwa na mashine. Ni ukarimu wa hatari, kwa maana diski huendelea kuoza huku mwenyewe akiambiwa mambo ni shwari.

Je, mtu wa kawaida atawezaje kujua? Marehemu baba alikuwa karani katika kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika, na ni katika daftari lake nilikopata njia nyepesi ya kulieleza jambo hili. Mkulima alipoleta kahawa mbivu, ilipimwa, uzito ukaandikwa, akapewa risiti. Jioni baba alijumlisha safu nzima na kuandika jumla chini ya ukurasa. Mtu akiibadili tarakimu moja tu usiku, iwe ya kilo moja, jumla ya kesho haikulingana na ile iliyoandikwa, na wizi ukajulikana hata kama hakuna aliyemwona mwizi. Hakuwa na haja ya kumwamini mlinzi. Aliiamini jumla.

Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Faili yoyote, iwe ya wimbo au ya picha, mwishowe ni mlolongo wa nambari. Kuna kanuni za hesabu zinazoupitia mlolongo wote na kutoa nambari moja fupi ya uthibitisho. Mojawapo huitwa MD5, nayo hutoa alama 32; nyingine ni SHA-256, yenye alama 64. Ukibadili chembe moja tu kati ya mamilioni ya chembe za wimbo, nambari yote hugeuka na kuwa nyingine kabisa. Wataalamu walikwisha kuonyesha tangu mwaka 2004 kwamba MD5 inaweza kughushiwa na mjanja aliyekusudia, lakini kutu, vumbi na stima ya kupotea si wajanja. Kwa kazi yetu inafaa. Programu za kukokotoa nambari hizi hupatikana bure, na baadhi ya kompyuta huja nazo tayari. Mtu huandaa orodha ya faili zake na nambari za uthibitisho, huiweka orodha mahali mbali na nyimbo zenyewe, na kila baada ya miezi kadhaa huikokotoa upya na kulinganisha. Kabla ya kunakili kwenye diski mpya hulinganisha kwanza; baada ya kunakili hulinganisha tena. Hatua hiyo moja ingeniokoa.

Lakini nisimdanganye msomaji. Nambari ya uthibitisho husema tu kwamba faili haijabadilika tangu siku ilipokokotolewa. Ikiwa ilikuwa imeoza siku hiyo, nambari italinda uozo huo kwa uaminifu mkubwa, kama karani anayejumlisha vizuri uzito uliopimwa kwa mizani mbovu. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza lazima uwe wa ndani ya faili. Hapa aina ya faili ina maana. Nyimbo zilizohifadhiwa katika mtindo wa FLAC, uliotokea mwaka 2001, hubeba ndani yake nambari ya uthibitisho ya sauti ya asili, iliyokokotolewa siku wimbo ulipofungwa; programu huufungua wimbo wote, hukokotoa upya, na kusema ni mzima au si mzima. MP3, ambayo ndiyo iliyojaa katika flashi zetu, haina uthibitisho wa sauti nzima. Ina nafasi ya alama ndogo ya uhakiki katika kila kipande, lakini aghalabu nafasi hiyo huachwa wazi. Programu za kukagua MP3 zaweza kugundua kipande kilichokosekana au mpangilio uliovurugika. Kosa lililojificha ndani ya kipande chenye sura nzuri huzipita. Hapo hakuna hila nyingine ila kuketi na kusikiliza.

Nami niliketi. Nilisaidiwa na kijana mmoja wa saiba mjini Nyeri, ambaye kila alipofungua faili mbovu alisema kwa upole, "Guka, hii nayo imeoza," kama daktari anayeogopa kumshtua mgonjwa. Kwa muda wa miezi mitatu, jioni baada ya jioni, tulipitia nyimbo elfu moja na mia moja na ushei. Zilizokuwa na hitilafu zilikuwa sitini na moja. Nyingine zilikatika mwisho, nyingine zilikuwa na mlio katikati, na tisa zilikuwa na majina mazuri lakini ndani hamkuwa na lolote ila sufuri. Nilianza kuwasumbua watu. Binamu yangu wa Embu alikuwa amezinakili nyimbo zangu mwaka 2008, akazisahau katika kompyuta kuukuu isiyowashwa tena. Tuliitoa diski yake, na humo tukazipata thelathini na nne zikiwa nzima, ule wimbo wa mazishi ukiwa mmojawapo. Dereva mmoja wa matatu za Nanyuki alikuwa na nyingine kumi na moja. Zile zilizouzwa madukani, nyingi zilipatikana kwa njia hiyo, kwa kuwa zilisambaa. Wimbo uliopendwa na wengi huwa na maficho mengi.

Na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu nyimbo ambazo hazikupendwa na wengi. Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, amebahatika kuwa na mjukuu aitwaye pia Joseph Kamaru, msanii wa sauti ajulikanaye kwa jina la KMRU, ambaye amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake mtandaoni. Humo umo muziki wa mtu aliyethubutu kuimba juu ya mauaji ya J. M. Kariuki ya mwaka 1975, wakati wengi walikuwa wakinong'ona tu. Shirika la Ketebul Music la Nairobi nalo limefanya kazi ya kuheshimika ya kukusanya muziki wa zamani wa Wakikuyu na wa jamii nyingine za Kenya. Lakini nani mjukuu wa kwaya ya wanawake wa Othaya iliyonasa kanda moja tu, ikauza nakala chache katika soko la Karatina, kisha ikavunjika? Nani amewekea nambari ya uthibitisho nyimbo za kumenya maharagwe, za kubembelezea watoto, za harusi za Tetu na Mukurwe-ini zilizonaswa kwa redio ya kaseti iliyowekwa juu ya stuli? Nakala ya pekee ya wimbo kama huo yaweza kuwa katika flashi iliyo kwenye droo, na mwenye droo anaamini ni nzima kwa sababu anaona jina lake.

Watanijibu vijana kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti. Nawakumbusha yaliyotokea Machi 2019, miezi michache tu kabla ya mazishi niliyoyataja. Kampuni ya Marekani ya MySpace, ambayo zamani ilikuwa makao makuu ya wanamuziki wachanga wa dunia, ilikiri kwamba nyimbo zote zilizopandishwa humo kati ya mwaka 2003 na 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha data. Zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni hamsini. Baadaye zilipatikana karibu nusu milioni, na hizo hazikuokolewa na kampuni. Zilipatikana kwa kuwa watafiti fulani walikuwa wamejinakilia kwa shughuli zao wenyewe. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho ilishindwa, sembuse saiba yetu.

Ndipo ninapowageukia wakubwa. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la maktaba, makavazi na shughuli za utamaduni. Kaunti za eneo hili la Mlima Kenya zimekuwa na wepesi wa kuandaa tamasha na kuwaalika wanamuziki wapige jukwaani, jambo jema, ijapokuwa tamasha likiisha hubaki turubai na bili. Mjini Nyeri kuna maktaba ya umma, na kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambacho wanafunzi wake wa kompyuta hutafuta kila mwaka miradi ya kufanyia mtihani. Karatina nako kuna chuo kikuu. Je, ni jambo kubwa mno kuwa na meza moja katika maktaba, kompyuta moja, mashine ya kuchezea kanda iliyotengenezwa vizuri, na kijana mmoja anayejua kukagua faili? Mwananchi aje na flashi yake au kanda yake, ikaguliwe, aambiwe kilicho kizima na kilicho kibovu, apewe orodha ya nambari zake kama risiti ya kahawa, na akiridhia, nakala ya vile ambavyo havipatikani kwingineko ibaki hapo.

Najua patazuka suala la haki za wasanii, na ni suala la haki kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi hadi miaka hamsini baada ya kifo chake, na sitaki maktaba iwe duka la kuchoma CD za wizi. Wasanii wetu wameibiwa vya kutosha. Lakini kukagua wimbo hakumwibii mtu. Kuutunza bila kuuza, kwa makubaliano na wenyewe, hakumwibii mtu. Anayemwibia msanii kabisa kabisa ni yule anayeiacha nakala ya mwisho ioze.

Katika zile faili sitini na moja, arubaini na tano zimepona. Zilizobaki ni kumi na sita, na kati yake moja ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 1984, mwaka wa ile njaa, baba alimnasa nyanya yangu akiimba jikoni huku akipepeta mahindi ya msaada. Hakujua ananaswa. Anaimba, anakohoa, anamgombeza kuku, anaendelea kuimba. Ndiyo sauti yake pekee tuliyo nayo. Faili ina urefu wa dakika sita na sekunde kumi. Baada ya dakika mbili na sekunde ishirini na tatu ni sufuri hadi mwisho. Kanda yenyewe imo katika zile zilizonasiwa mahubiri.

Nakala mpya za nyimbo zilizopona nimezipa nambari za uthibitisho, na orodha yake nimeiandika kwa mkono katika daftari kuukuu la baba, kwenye kurasa alizoziacha wazi baada ya hesabu za kahawa za mwaka 1988. Ya nyanya pia nimeiandika, pamoja na maneno "nusu tu". Juma lililopita shangazi yangu wa Nanyuki amenipigia simu. Anakumbuka kwamba kabla hajaolewa aliazima kanda ile kwa baba akajirudufia, na anadhani imo katika kikapu kilicho darini pamoja na sufuria zilizotoboka. Haijachezwa tangu miaka ya tisini. Nimemsihi asiijaribu katika mashine yoyote, asiipanguse, asiiguse. Jumamosi asubuhi nitapanda matatu ya kwanza.